Nilivyoitundikia Paini Dripu

Ndugu yangu alinipigia simu Jumapili moja nikiwa dukani nahesabu katoni, akaniuliza bila hata kunijulia hali: "Dada, ile dawa ya minyoo mnayonywesha ng'ombe huko, umewahi kusikia mtu akiupa mti?"

Nina agroveti hapa Elburgon. Wateja huniita Daktari, ingawa nilichosomea ni cheti cha afya ya mifugo, na nimewasahihisha hadi nikachoka. Nimeshasikia mengi juu ya dawa ya minyoo. Kuna mama aliyetaka kuwawekea kuku kwa kukadiria kwa kifuniko cha soda. Kuna kijana aliyetaka kumwagia sukuma wiki. Lakini mti? Nilicheka nikamwambia kazi ya huko imemchosha akili.

Hakucheka. Yuko Kansas, Marekani, anafanya kazi na kampuni ya kutunza miti. Huko mtu mwenye mti uani humwita fundi wa miti kama sisi tunavyomwita fundi wa mabomba. Kansas haina paini za asili hata moja. Zote zimepandwa, za kukinga upepo na za urembo, na iliyopendwa sana ni paini ya Scots kutoka Ulaya. Sasa hiyo ndiyo inayokufa. Alinitumia picha mbili za mti mmoja. Ya Julai, mti wa kijani kibichi. Ya Oktoba, mti uleule una rangi ya chai ya rangi, majani yote yakiwa bado yamening'inia matawini, kana kwamba kuna mtu aliyeuchemsha ukiwa umesimama.

Anayeua ni mnyoo asiyefika hata milimita moja na nusu. Jina lake la kitaalamu ni Bursaphelenchus xylophilus, na Marekani ndiko kwao. Ulielezwa huko mwaka 1934, na paini za asili za huko zimeuzoea kama ng'ombe wa kienyeji alivyozoea kupe. Balaa ni pale unapokutana na paini isiyoujua. Mnyoo huu hautembei peke yake kutoka mti hadi mti. Hubebwa na mbawakawa mwenye vipapasio virefu kuliko mwili wake, wa jamii ya Monochamus, maelfu kwa maelfu wakiwa wamejipanga ndani ya mirija yake ya kupumulia. Mbawakawa anapotafuna gome la kijitawi kichanga, minyoo hushuka na kuingilia kwenye jeraha.

Mtu wa mifugo akisikia hivyo anafikiria kunywesha dawa. Mimi nilifikiria hivyohivyo, na ndipo nilipokosea kwa mara ya kwanza.

Ng'ombe ana moyo. Ukimdunga shingoni, damu inazunguka na kuipeleka dawa hadi kwato. Mti hauna kinachosukuma. Maji hupanda kwa sababu majani yanayapoteza juani na kuyavuta mengine kutoka chini, uzi mmoja mrefu wa maji kutoka mzizini hadi ncha. Na mnyoo huu hauli paini hadi ikaisha. Unashambulia chembe hai za mbao, zikiwemo zile zinazotengeneza utomvu, na katika mvurugano huo hewa inaingia kwenye vijifereji vya maji. Uzi unakatika. Mti unakufa kwa kiu huku mizizi yake iko kwenye udongo wenye unyevu.

Kwa hiyo, ndugu yangu akanieleza, ukingoja mti uonyeshe ugonjwa ndipo uudunge, umechelewa. Njia ambayo dawa ingepitia ndiyo hiyohiyo iliyokatika.

Nilielewa maneno. Kuamini ni jambo lingine.

Mjomba wangu ana shamba upande wa Turi, na ukingoni mwa shamba kuna paini alizopanda mwenyewe, aina ya patula, ile inayotoka Mexico na kujaa misitu yetu ya serikali. Alikuwa amepanga kuangusha sita Februari hii. Ukiishi Elburgon, mbao ni kama mpira wa miguu: kila mtu ana maoni. Mji huu uliishi kwa viwanda vya mbao, na tangu marufuku ya kukata miti ya 2018 hadi ilipoondolewa 2023 niliona wateja wangu wakiuza ng'ombe mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo Mjomba haangushi mti ovyo. Nilimwomba anipe zile sita kwa siku mbili kabla ya msumeno, nizidunge maji yenye rangi.

"Rangi ya nini?"

"Ya keki, Mjomba. Nyekundu."

Alinitazama kwa muda. "Daktari," akasema, na neno hilo kinywani mwake lilikuwa na pilipili, "paini zangu zina siku ya kuzaliwa?"

Nilianza vibaya. Niliazima drili kwa fundi wa fanicha, nikatoboa tundu la milimita 6 karibu na usawa wa goti, nikiinamisha kidogo kuelekea chini, kisha nikachukua bomba kubwa la sindano ya ng'ombe na kusukuma. Paini haina nafasi ya kupokea kitu kwa haraka. Ile rangi ilirudi yote kwa nguvu ileile niliyoisukumia, ikanimwagikia usoni na kwenye koti langu jeupe la dukani. Mtoto wa jirani alikimbia kwao akipiga kelele kwamba Daktari amekatwa na mashine.

Basi nikarudi kwenye kitu ninachokijua. Ng'ombe akizaa na kuanguka kwa homa ya maziwa, tunamtundikia chupa ya kalsiamu na mrija wake. Nilikuwa na mirija hiyo dukani. Nikapigilia misumari kwenye paini, nikatundika chupa za nusu lita, na mwisho wa kila mrija nikauchomeka kwenye tundu na kuzungushia mpira wa baiskeli ili usivuje. Paini zikawa zimesimama pale kama wodi ya wagonjwa, na nina hakika Turi nzima ilipita kuangalia.

Mambo niliyoyaona yalikuwa madogo lakini yamenikaa. Tundu nililotoboa na kuunganisha papo hapo lilikunywa. Matundu mawili niliyotoboa jioni na kuyaacha hadi asubuhi hayakunywa hata tone: yalijaa utomvu, mwingine umeshaanza kuwa mgumu kama ganda la kidonda. Paini inajiziba, hiyo ndiyo kinga yake ya kwanza. Asubuhi yenye jua, kuanzia saa tatu hivi, kiwango kwenye chupa kilishuka polepole ukikiwekea alama ya kalamu. Wingu lilipotanda saa nane, kikasimama. Jua lilipotoka, kikaanza tena. Nilikaa kwenye gogo nikiangalia alama za kalamu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, na nikasikitika kwamba nilisoma mifugo tu. Kitu kingine: keekee ikiwa butu, inaunguza na kusaga mbao badala ya kuikata, na tundu la namna hiyo halinywi vizuri hata likiwa bichi. Hilo nilijifunza kwenye mti wa tatu, baada ya kuona moshi.

Mti wa sita ndio ulionifunga mdomo. Mwaka jana tingatinga la kutengeneza barabara lilipita upande wake na kukata mizizi, na tangu hapo umekuwa ukikauka kutoka juu. Matawi ya chini yalikuwa bado na kijani cha kuchoka. Nikatoboa. Hakuna utomvu uliotoka, tundu lilikuwa kavu kama la kijiti cha kuni. Nikatundika chupa asubuhi. Saa kumi jioni alama ya kalamu ilikuwa palepale.

Mjomba alikuja, akaitazama chupa, akaigongagonga kwa kidole. "Huyu hanywi," akasema. "Ng'ombe akifika hapa, tunaita mchinjaji."

Paini yake haikuwa na mnyoo wowote wa Marekani. Lakini kukatika kwa maji ni kukatika kwa maji, na chupa ile iliyogoma ilinifundisha kuliko simu zote za ndugu yangu. Baadaye aliniambia kwamba Wajapani kwa miaka mingi wamekuwa wakitoboa tundu dogo kwenye gome na kutazama kama utomvu unatoka. Ukipungua au ukikosekana wakati majani bado ni ya kijani, mti umeshaingia safari. Mimi nilikuwa nimefanya kipimo hicho bila kujua jina lake.

Siku ya pili msumeno ulikuja. Nilimwomba mwenye mashine anikatie visahani vya mbao kila baada ya mita mbili, naye akanitoza kama anakata mahogani. Hapo ndipo nilipoona dawa ingekwenda wapi. Chini, karibu na tundu, rangi ilikuwa mstari mwekundu mwembamba kwenye pete chache za nje tu. Katikati ya mti, kwenye kiini, hakuna kitu. Mbao ya ndani imeshastaafu kubeba maji. Mita nne juu, mstari ulikuwa umepanuka kidogo, lakini pia ulikuwa umehama: ulianza upande wa mashariki na sasa ulikuwa umezunguka kufuata nyuzi za mbao. Na kati ya mstari na mstari, mbao nyeupe tupu. Ua lenye mapengo. Mbuzi yeyote angepita.

Nikampigia ndugu yangu nikiwa na furaha, nikamwambia nimegundua kwamba matundu manne hayatoshi. Akaniambia kwa upole kwamba idadi ya matundu hupangwa kwa unene wa shina na kwamba hilo linajulikana. Kisha akanimwagia maji baridi zaidi: rangi yangu inayeyuka kwenye maji, abamectin haiyeyuki. Dawa hiyo, ambayo ndiyo watafiti wa Kansas State University walijaribu kwenye paini za Scots, huganda kwenye mbao na kusafiri kwa kusitasita, na ndiyo maana hutengenezwa kwa namna yake maalumu na kudungwa mapema, miezi kadhaa kabla ya mbawakawa kutoka. Japani hudunga wakati wa baridi ili kufikia mwanzo wa kiangazi iwe imeshafika matawini. Kwa hiyo kipimo changu kilikuwa kinausifia mti kupita kiasi. Kama hata rangi ya keki inaacha mapengo, hesabu mwenyewe.

Ukoo wa dawa hizi ndio ulionifanya nisilale usiku huo. Avermectin ilitokana na bakteria wa udongo ambao Satoshi Ōmura aliuchukua karibu na uwanja wa gofu huko Japani, William Campbell akaifanyia kazi Marekani, na ikawazalia watu wa mifugo ivermectin mwaka 1981. Ōmura na Campbell walishiriki Tuzo ya Nobel ya 2015. Ivermectin ninaiuza mimi. Hiyohiyo imewaokoa mamilioni ya watu na upofu wa mtoni, na abamectin ni nduguye wa tumbo moja. Zipo pia levamisole na morantel, za mifugo zote mbili, ambazo zimetengenezewa sindano za paini. Rafu yangu ya katikati, ile ya mkono wa kushoto ukiingia, ilikuwa na jamaa za dawa za msitu muda wote huo na mimi nikifuta vumbi tu.

Mama mkwe wangu anatoka karibu na Oyugis, na wazee wa kwao bado wanalitaja bonde la Kodera na vipofu wake wa zamani. Miaka ya 1940 hapakuwa na dawa ya kumnywesha mtu, kwa hiyo watafiti Garnham na McMahon walimwendea inzi anayembeba mnyoo wa upofu huo: walitia DDT, dawa ya kuua wadudu, kwenye mito hadi inzi akaisha. Kwa paini ni mabishano yaleyale. Unaweza kumwandama mbawakawa, kunyunyizia dawa na kukata na kuchoma kila mti uliokufa kabla hajatoka. Au unaweza kuulinda mti mmoja mmoja kwa sindano. Sindano ni ghali, inachukua muda na inaacha jeraha. Hakuna atakayedunga msitu mzima wa Mau. Ni dawa ya mti unaoupenda, ule wa hekaluni au mbele ya nyumba.

Mjomba, ambaye kufikia hapo alikuwa amenogewa, aliuliza swali ambalo ndugu yangu alisema hata wateja wake huko hawaulizi. "Sasa mnajuaje kama dawa imefanya kazi? Si kuna paini ambazo zingepona tu?"

Ndiyo hapo. Mteja wa Kansas ana paini nane. Analipa, zote nane zinadungwa, mwaka unaisha zote ni za kijani. Anaishukuru dawa, kampuni inatuma ankara ya mwaka ujao. Lakini huenda mbawakawa hakuwahi kutua pale. Ndugu yangu alifanya kazi kabla na mwajiri mwingine ambaye hakutaka kusikia habari hizo kabisa. Kwake mti wa kijani ulikuwa ushahidi, na mti uliokauka ulikuwa "umechelewa kuletwa". Kwa mwendo huo dawa haiwezi kushindwa hata ikiwa ni maji ya bomba.

Jaribio la kweli linadai miti isiyodungwa dawa. Tena miti hiyo inapaswa kutobolewa na kudungwa maji matupu, kwa sababu tundu lenyewe ni jeraha na unataka kujua jeraha peke yake linafanya nini. Na kwa kuwa mbawakawa hafuati ratiba, watafiti wengi hawamngoji: wanachukua minyoo hai na kuidunga wenyewe kwenye matawi, iliyopewa dawa na isiyopewa. Ndivyo hata ugonjwa wenyewe ulivyotambuliwa. Paini za Nagasaki zilionekana zikifa tangu 1905 na kwa zaidi ya miaka 60 watu walilaumu wadudu, hadi watafiti Kiyohara na Tokushige walipodunga minyoo kwenye paini zenye afya na kuandika mwaka 1971 kwamba zimekauka. Sindano ya kwanza iliyotoa jibu ilikuwa imebeba ugonjwa. Kufikia mwaka 1979 Japani ilikuwa ikipoteza zaidi ya mita za ujazo milioni 2 za mbao kwa mwaka mmoja.

"Kwa hiyo zile za maji matupu mnaziachia zife," Mjomba akasema.

"Zinaachwa, Mjomba."

"Hmm." Akatema mate pembeni. "Na mwenye shamba amekubali?"

Sikuwa na jibu zuri, na bado sina. Dukani kwangu nimeona wakulima wakikataa katakata kuacha hata mbuzi mmoja bila dawa ili tulinganishe, na siwezi kuwalaumu. Mbuzi huyo ana jina. Mti unaonekana rahisi zaidi kuuacha hadi utakapokuwa ule uliopandwa na marehemu mume wako, na ndugu yangu ameshasimama mbele ya mama wa namna hiyo, mti umeshabadilika rangi upande mmoja, yeye ameshika kitabu cha hundi. Alimtobolea tundu mbele ya macho yake ili auone ukavu. Mama yule alilia, akasema adunge hivyohivyo. Hakudunga. Siku hiyo aliporudi hakunipigia simu.

Kuna hesabu moja tu iliyonifurahisha bila wasiwasi. Baada ya mti kufa au kupona, huchukuliwa vipande vya mbao, vinakatwakatwa, vinafungwa kwenye kitambaa na kuloweshwa kwenye faneli ya maji. Minyoo iliyo hai hujinyonganyonga hadi ikatoka na kuzama chini kwenye mrija, kesho yake unaihesabu kwenye hadubini. Hiyo ni faneli ya Baermann! Ya tangu 1917. Chuoni tuliitumia kutafuta viluwiluwi vya minyoo ya mapafu kwenye kinyesi cha ndama, na nilikuwa nikishikwa na kichefuchefu. Sikujua kwamba kuna mtu mahali fulani anaitumia kwenye chembe za mbao zinazonukia vizuri.

Habari zilipoenea, watu wanne walikuja dukani kuuliza dawa ya kudunga miti: mmoja ana saiprasi yenye vidukari, mwingine parachichi. Niliwafukuza wote kwa adabu. Dawa ya mifugo imepimwa kwa uzito wa mnyama na kuandikwa kwa mnyama. Ya mmea lazima iwe imesajiliwa kwa mmea huo na bodi inayohusika, na parachichi ni tunda ambalo mtu atalila. Tena mnyoo huu wa paini hauko kwetu. Mjomba hakuridhika na hilo, kwani anakumbuka paini aina ya radiata zilivyoachwa kupandwa miaka ya 1960 kwa kuvu ya majani, na vidukari weupe wa paini walioingia na vikonyo kutoka Australia mwaka 1968. Nikampeleka nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi Nakuru nikamwonyesha paleti: muhuri wa suke la ngano na herufi HT. Maana yake mbao hiyo ilipashwa joto hadi katikati yake ikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, ili kisitoke kitu humo kikiwa hai. Alizunguka paleti zote akitafuta isiyo na muhuri. Alipata moja, akamwita mwenye duka na kumhutubia kwa robo saa.

Mbao zake za paini zilikwenda kwa mnunuzi wiki iliyofuata. Mnunuzi aliona mistari myekundu kwenye mbao za pembeni, akasema zimeingiwa na ugonjwa, akakata bei. Mjomba alimweleza habari ya keki, ikawa vibaya zaidi. Tofauti ya bei nimeilipa mimi, kwa M-Pesa, na yeye akanitumia kigoda alichokitengeneza kwa kipande kilichokataliwa. Kipo dukani mbele ya kaunta. Watoto hukikwaruza kwa kucha kuona kama rangi itatoka.